Je, Wajua Kilicho Ndani ya Sofa?

Mwaka 1966 mwanahisabati Leo Moser aliwauliza wenzake swali lililosikika kama mzaha. Kuna ujia wenye upana wa mita 1, nao unakata kona ya mraba. Unataka kupitisha sofa kwenye kona hiyo kwa kuisukuma sakafuni tu, bila kuiinua wala kuisimamisha. Sofa kubwa kuliko zote inayoweza kupita ina eneo kiasi gani? Miaka miwili baadaye John Hammersley alichora umbo lenye mita za mraba 2.2074. Mwaka 1992 Joseph Gerver akalinyoosha hapa na kulikunja pale mpaka likafika 2.2195. Sofa yake inafanana na mkono wa simu ya zamani ya mezani, na mzingo wake umeungwa kwa vipande 18. Kuonyesha kwamba haiwezekani kuizidi hiyo kuliwashinda watu hadi mwaka 2024, Jineon Baek wa Korea Kusini alipotoa andiko la kurasa 119 lenye uthibitisho wake.

Vijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, wanaopandisha sofa ghorofa ya tatu hawajamsoma Gerver, lakini wana silaha ambayo wanahisabati walijinyima: wao wanaweza kuisimamisha. Sofa ya watu 3 huwa na urefu wa mita 2 na ushei. Ikisimamishwa wima, urefu huo haupigani tena na kona, na shughuli yote inabaki mlangoni. Hapo kuna vipimo viwili vya kuangalia, kimo cha mgongo na kina cha sofa kutoka mbele hadi nyuma. Kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachotakiwa kupita kwenye upana wa mlango, na milango mingi ya nyumba zetu ni sentimita 80 au 90. Miguu ya kufungua kwa mkono inaokoa sentimita 10 au 15 nyingine. Sofa ya umbo la L huja vipande viwili vinavyoshikizwa kwa vyuma chini, kwa hiyo mara nyingi hupita kirahisi kuliko ile ndefu ya kipande kimoja. Watu wengi hupima sebule na kusahau mlango.

Ikishaingia ndani, kazi yake inaanza, na kazi yenyewe ni moja: kubonyea mtu anapokaa na kurudi anapoinuka, mara kadhaa kwa siku, kwa miaka. Dukani tunaonyeshwa velveti ya kijani, miguu myembamba yenye rangi ya dhahabu, vifungo vya mviringo mgongoni, na mteja huwa ameshaipenda kabla hajaikalia. Vyote hivyo havihusiki na kurudi. Vinavyohusika vimefunikwa, na anayevijua vizuri ni fundi aliyeviweka.

Tuanze na sponji, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Mwaka 1937, huko Leverkusen, Ujerumani, mkemia Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kuunganisha kemikali za aina mbili na kupata plastiki mpya, poliyurethani. (Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa na uhusiano na jina Bayer, lakini yeye hakuwa wa ukoo ule ulioianzisha.) Baadaye ikaonekana kwamba maji kidogo yakiingia kwenye mchanganyiko huo, moja ya kemikali hizo huyashambulia na kutoa kaboni dioksidi, hewa ileile tunayoitoa puani. Plastiki inaganda huku hewa inafura ndani yake. Kiwandani mchanganyiko humwagwa kwenye mkanda unaotembea, na ndani ya dakika chache huumuka ukawa gogo refu linalomfikia mtu kifuani, ambalo hukatwa mabamba baada ya kupoa. Magodoro yetu na viti vya magari yetu vinatoka humo, na sofa karibu zote za kisasa pia.

Sasa, matundu yale yamezungukwa na vijiti vyembamba vya plastiki. Ukikaa vinapinda, ukiinuka vinanyooka. Kila mpindo unachosha baadhi ya vijiti, na vingine hukatika. Sponji yenye plastiki nyingi ndani ya ujazo uleule ina vijiti vinene zaidi, nayo huchoka polepole. Ndiyo sababu wauzaji huitaja sponji kwa kilo: kilo 18, kilo 25, kilo 30, wakimaanisha uzito wa mita moja ya ujazo. Na hapa kuna kosa ambalo hata baadhi ya wauzaji hulifanya, la kudhani kwamba sponji nzito ndiyo ngumu. Ugumu hupangwa kwa kemia, uzito kwa kiasi cha plastiki. Ipo sponji nyepesi iliyo ngumu kama ubao siku ya kwanza na kulala kabisa baada ya mwaka, na ipo nzito iliyo laini inayodumu. Anayebonyeza kwa ngumi dukani anapima ugumu tu.

Uzito unaweza kuupima mwenyewe. Mto wa kukalia wa sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 15, una mita za ujazo 0.054. Ukiwa wa sponji ya kilo 30, utakuwa na kilo 1.6 hivi, ukiwa wa kilo 18, haufiki kilo 1. Mizani yoyote ya dukani itakuonyesha tofauti hiyo. Mwenye duka atakushangaa, lakini mwache ashangae. Kipimo hiki kina tundu moja: wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili iwe nzito bila kuongeza plastiki, na unga huo hausaidii chochote kwenye kurudi. Kwa hiyo mto mwepesi umeshajieleza, ila mto mzito bado unahitaji kuulizwa umetoka kiwanda gani.

Maabara hupima kurudi kwa ukatili zaidi. Kipande cha sponji hubanwa hadi nusu ya unene wake, au zaidi, kikawekwa kwenye joto la nyuzi 70 kwa saa 22. Kisha hufunguliwa, huachwa kipumue, na hupimwa kimebaki na unene gani. Joto na unyevu vikiwa pamoja huharakisha uchovu huo, na mkazi wa Tanga au Mombasa asishangae sofa yake ikichoka mapema kuliko ya ndugu yake aliyeko Mbeya au Nakuru, ingawa zimetoka kwa fundi mmoja.

Kabla ya sponji, Ulaya walijaza viti kwa manyoya ya farasi juu ya springi za chuma. Pwani yetu ilikuwa na sufi na usumba wa nazi. Sufi ni nyepesi na haipendi maji, ila hujikusanya mabonge, na ndiyo maana mito yake hupigwapigwa na kuanikwa juani. Sponji ilishinda kwa sababu haidai kazi hiyo.

Chini ya sponji kuna kitu kinachoibeba, na hapo hadithi inanoga. Mwaka 1951 msanifu wa Italia, Marco Zanuso, alionyesha Milan kiti kilichoitwa Lady, kikapata medali ya dhahabu. Ubunifu wake ulitoka kwa watu wa matairi. Kampuni ya Pirelli ilikuwa ikitafuta matumizi mapya ya mpira wake, na Zanuso akatumia sponji ya mpira juu ya mikanda ya mpira iliyovutwa kwenye fremu, badala ya springi nzito za chuma. Kiti kikawa chepesi na rahisi kutengeneza. Ukienda Keko, Dar es Salaam, au kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, utakuta mafundi wakikata tyubu za magari kuwa mikanda mirefu, wanaivuta kwa nguvu na kuipigilia kwenye fremu, mmoja ukipita juu na mwingine chini. Hakuna aliyewapeleka Milan. Mpira wa tairi ni mpira wa tairi, na mtu mwenye akili akiushika anauona unafaa kukaliwa.

Mpira uliovutwa muda mrefu hulegea. Hilo ni tabia yake na halina uchawi. Fundi mzuri huliepuka kwa kuweka mikanda mingi, karibukaribu, inayokatiza pande zote mbili, ili kila mmoja ubebe kidogo. Fundi mwenye haraka huweka michache upande mmoja tu na kutandika kiroba juu yake. Njia ya tatu ni springi ya zigizaga, waya wa chuma uliokunjwakunjwa unaotoka mbele kwenda nyuma. Hiyo haiugui ulegevu wa mpira, ila vishikizo vyake huchomoka mbao ikiwa dhaifu, na utasikia mlio siku hiyo. Sofa nyingi zimefunikwa chini kwa kitambaa cheusi chepesi. Kabla ya kulipa, omba ilazwe mgongo na kitambaa hicho kifunguliwe pembeni kidogo. Fundi wa mtaani hukubali mara moja. Duka lenye vioo hukataa mara nyingi, na kukataa kwenyewe ni taarifa.

Fremu nayo ina siri zake. Wateja wa Tanzania hupenda kuambiwa mninga, na mninga ni mbao bora kweli: hausinyai sana ukikauka, hauchezi, na wadudu hawaupendi. Lakini kuuficha ndani ya kitambaa ni anasa, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo. Mbao ya paina kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, au mtiki wa Longuza, Muheza, inatosha kabisa kwa fremu isiyoonekana, mradi imekauka. Hilo la kukauka ndilo linalouma. Mbao mbichi ikipigiliwa leo itasinyaa baada ya miezi, misumari italegea ndani ya matundu yake, na sofa itaanza kulia kila mtu anapokaa. Mbao nyeupe za pembeni ya gogo, zenye wanga, huwavuta bungua. Ukiona unga mwepesi sakafuni chini ya sofa, wameshahamia.

Viungio vya ulimi na tundu vyenye gundi vinadumu kuliko misumari mitupu, na pini za stepla zifanye kazi ya kushika kitambaa tu. Huhitaji kufungua chochote kupima fremu. Nyanyua pembe moja ya mbele kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Mguu wa mbele wa upande wa pili ukiwa tayari umenyanyuka, fremu imekaza. Ukiwa bado umekaa chini, fremu inajipinda, na kitakachofuata ni kupasuka.

Kitambaa hupimwa kwa mashine inayoitwa Martindale, ambayo husugua kipande chake kwa sufu maelfu ya mizunguko mpaka nyuzi zikatike. Kwa sebule inayotumika kila siku, watengenezaji wengi hutaka mizunguko 20,000 au zaidi. Idadi hiyo huandikwa kwenye kijitabu cha sampuli, kama muuzaji anacho. Kama hana, vuta kitambaa kwa dole gumba pande mbili: nyuzi zikiachana na kuonyesha mwanga, mshono utafumuka pia.

Nina ugomvi na ngozi bandia, na niseme wazi. Ile laini inayong'aa kidogo, inayouzwa kama ngozi halisi kwa bei ya kati, mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani juu. Aina nyingi za utando huo zimeungwa kwa vifungo vya kemikali ambavyo maji huvivunja taratibu, na si lazima maji yamwagike: mvuke wa hewani na jasho la mapaja vinatosha. Utando hulegea, hupasuka, kisha hubanduka magamba madogomadogo yanayoganda kwenye kanzu ya mgeni. Yaani kinachoiua ni hali ya hewa ileile ya Dar, Unguja na Mombasa. Na hakuna cha kurekebisha, kwa sababu ugonjwa uko kwenye utando wote na wala si mahali pamoja. Ile ya plastiki ya aina nyingine, ngumu kidogo, iliyo kwenye viti vya daladala, haibanduki hivyo; yenyewe hukauka na kupasuka baada ya viungo vinavyoilainisha kuihama. Sebuleni kwenye joto, mimi ningechukua kitambaa cha poliesta chenye ufumaji mnene, kinachofuliwa, na kuwaachia wengine mng'ao.

Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu hutandika mgongoni na kwenye mikono ya makochi, na ambavyo vijana huvicheka, vina kazi halisi. Mafuta ya nywele na ya ngozi ndiyo adui mkubwa wa sehemu hizo mbili. Huingia kwenye nyuzi, hushika vumbi, na vumbi husugua. Kitambaa kinachotolewa na kufuliwa kila wiki hukatiza mnyororo huo mwanzoni kabisa.

Sasa twende kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloharibu sofa nyingi za kisasa hata pale ambapo sponji, mbao na kitambaa ni safi: kimo na kina. Kiti cha kukaa wima huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 46, na kina cha 50 hadi 55. Sofa za mtindo wa leo zimeshuka hadi 40 au chini, na kina kimeenda 60, 70, hata zaidi. Mwanzo wa mtindo huo si wa jana. Mwaka 1973 Mfaransa Michel Ducaroy alitengeneza sofa iitwayo Togo, isiyo na fremu wala miguu, sponji tupu za ugumu tofauti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, inayokaa karibu sawa na sakafu. Inauzwa mpaka leo. Ni kitu kizuri kukitazama, na kizuri zaidi kukilalia.

Na hapo ndipo swali lilipo: sebule yako ni ya kulala au ya kupokea? Sofa yenye kina cha 70 imekusudiwa mtu anayepandisha miguu na kutazama televisheni. Mweke mkwe juu yake. Mapaja yake hayafiki ukingoni, kwa hiyo achague moja: aegemee na miguu ining'inie, au akanyage sakafu na mgongo ubaki hewani. Hakuna mkwe atakayepandisha miguu. Atakaa ukingoni, amenyooka, saa nzima, na mwenye nyumba atadhani ana haraka.

Kuinuka ni tatizo kubwa zaidi, na ni fizikia tupu. Ili mtu asimame bila kusaidiwa, lazima kwanza uzito wa mwili wake uje juu ya nyayo zake. Kwenye kiti kirefu chenye kina kidogo anavuta miguu nyuma, anainama kidogo mbele, anasimama. Kwenye sofa ya chini yenye kina kirefu, makalio yako mbali nyuma ya nyayo na chini ya usawa wa magoti, na misuli ya mapaja inatakiwa kunyanyua mwili wote kutoka kwenye pembe mbaya kuliko zote. Kijana hajui hata kama anafanya kazi. Bibi mwenye magoti mabovu anahitaji watu wawili. Mikono ya sofa iliyo migumu, inayofika mbele, humpa mahali pa kusukuma. Na ajabu ni kwamba mikono hiyo ndiyo mtindo mpya unayoiondoa au kuijaza sponji. Kaa kwenye sofa dakika 10 dukani, kisha simama huku umekunja mikono kifuani. Mpe pia aliye mzee kuliko wote nyumbani afanye hivyo, kama yupo.

Hii haimaanishi kwamba sisi ni watu wa viti virefu tangu zamani. Oman hadi Unguja, majlisi imekuwa ya kukaa chini, mito ikizunguka kuta, kila mtu akiona uso wa kila mtu. Tofauti ni kwamba pale chini umekunja miguu na sakafu inakubeba, na mkao wenyewe ni wa heshima. Sofa ya kisasa imechukua kukaa chini bila sakafu, kisha ikamgeuza kila mtu atazame ukuta mmoja wenye televisheni. Ile seti ya zamani ya watu 7, yaani 3, 2, 1 na 1, ambayo sasa inaonekana ya kizee, hupangika duara. Hata yule shangazi anayekuja na mashtaka ya ukoo hupata kiti cha peke yake. Umbo la L hutoa nafasi nyingi kwa chumba kidogo, ila watu wawili wakikaa kwenye kona yake magoti yao yanagongana, na mmoja hupoteza nafasi.

Jambo moja la hatari lisipite. Sponji ya poliyurethani ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye monoksidi ya kaboni na sayanidi, na moshi huo huua kabla ya mwali. Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester liliungua kuanzia kwenye samani zilizorundikwa ndani, watu 10 wakafa, na mwaka 1988 Uingereza ikatunga kanuni kali za samani za sponji. Huku kwetu chetezo cha udi huwekwa mezani karibu na mto wa sofa, na umeme ukikatika mshumaa hufuata. Sogeza vyote hivyo mita moja.

Kwa anayechonga kwa fundi, agizo moja linalipa kuliko rangi: mito ya kukalia iwe imejitenga na yenye zipu, yenye umbo sawa juu na chini ili igeuzwe. Fremu iliyokauka vizuri huishi zaidi ya sponji mara mbili au tatu. Mto ukifunguka, sponji ikichoka unanunua bamba jipya na kulikata. Kifuniko kikichafuka unakifua. Mto ulioshonwa moja kwa moja kwenye fremu unakulazimisha kubomoa sofa nzima kwa ajili ya sponji ya kilo moja na nusu, na mafundi wengi wataushona hivyo wasipoambiwa, kwa sababu zipu ni kazi ya ziada kwenye cherehani.